Kimya Chako Kina Mshindo

Unajua!

Usiniambie hujui. Nyumba unaijua, kijana unamjua, siku aliyoanza kubadilika unaikumbuka. Ulimwona alipoacha kuwapa wenzake mkono. Ulimsikia alipomwita baba yake mzazi kafiri. Ulimkuta usiku wa manane ameinamia simu, akakuona, akaizima. Nawe ukafanya nini? Ukatikisa kichwa, ukafunga mlango, ukalala.

Amka, ndugu yangu! Amka, maana nyumba inafuka moshi nawe umejifunika shuka!

Ninakuandikia wewe mama wa Majengo uliyemzaa. Ninakuandikia wewe mwalimu wa madrasa uliyemfundisha alifu na be. Ninakuandikia wewe mzee wa kanisa unayemsikia mchungaji wako akiwakataza waumini hospitali, nawe ukaitikia amina kwa sauti ndogo. Ninakuandikia wewe bwana mkubwa ambaye taarifa ilikufikia mezani, ukaiweka chini ya faili nyingine. Siwaletei habari mpya. Haya yote mnayajua. Niambieni tu mnangoja nini!

Wahenga walituachia neno: kimya kingi kina mshindo mkuu. Na mshindo tumeusikia. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mnamo saa nne na nusu asubuhi, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na moja Dar es Salaam, yakipishana kwa dakika chache tu. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam walikufa 11. Maelfu walijeruhiwa, na wengi walipofushwa na vioo vya madirisha waliyokuwa wameyakimbilia kuchungulia. Watu wakafukua kifusi kwa mikono mitupu, mchana na usiku, Mwislamu na Mkristo na Mhindu, bega kwa bega.

Kisha tukajipa moyo. Tukasema vita hivi ni vya wageni. Vimetoka mbali, vimepita, havitarudi.

Mbali wapi? Bomu la Nairobi lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga mtaa wa Runda. La Dar es Salaam lilitengenezwa katika nyumba ya Ilala. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa akifanya biashara ya samaki Mombasa. Walipanga kwetu, waliishi kwetu, waliitikia salamu zetu!

Simwambii mtu amshuku kila mpangaji mpya. Hiyo nayo ni maradhi, na nitafika huko. Nasema hili: hakuna bomu lililowahi kuanguka toka mbinguni. Kila moja lilipitia mlango wa nyumba ya mtu.

Njoo nami Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu, vijana wamelala, wengine wameamka mapema kwa sala ya asubuhi. Risasi! Jioni ilipofika walikuwa wamekufa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wazazi walipiga simu zisizopokelewa. Wazazi walikusanyika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakiyasubiri mabasi ya waliookoka, wakitafuta uso mmoja tu katika kila dirisha.

Na waliofyatua risasi je? Mmoja wao alikuwa mwana wa chifu wa Mandera. Kijana wa Kenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sheria! Aliyesomea haki za watu ndiye aliyeingia mabwenini kuua watoto wa watu.

Baba yake alikuwa amekwisha kwenda kwa wakubwa kutoa taarifa kwamba mwanawe amepotea, na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Simlaumu baba yule. Namheshimu kwa moyo wangu wote, maana alifanya ambalo wengi wetu hatuthubutu. Lakini aliposema, kijana alikuwa amekwisha kwenda. Basi nauliza: nani alimwona kabla? Nani alikula naye? Nani alilala naye chumba kimoja? Neno la kwanza la chuki halisemwi mbele ya chifu, wala mbele ya polisi, wala mbele ya baba. Husemwa mbele ya rafiki, kwa sauti ya chini, ili kupima kama rafiki atashtuka.

Wewe ndiye rafiki yule! Shtuka!

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Kanzu si ishara. Ndevu si ishara. Nikabu si ishara, wala mkesha wa maombi, wala kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kijana anayezidisha sala usimpeleke polisi. Mwombe akuombee dua!

Ishara ni kukata. Anakata masomo, anakata marafiki wa utotoni, anakata msikiti aliolelewa ndani yake kwa kuwa eti imamu amepotoka. Ishara ni kufurahia picha ya mtu anayechinjwa. Ishara ni kazi ya nje ya nchi aliyoahidiwa na mtu ambaye hataki wazazi wamjue. Na ishara ya mwisho, mama, unaijua kuliko mimi: anagawa nguo zake, analipa vijideni vyake vya dukani, anakuja jikoni anapiga magoti anakuomba radhi, bila ya kosa, bila ya safari, bila ya sababu.

Radhi ile uliitoa machozi yakikulenga. Moyo wako ulijua! Mbona ulimwacha atoke?

Najua kwa nini. Uliogopa aibu, uliogopa majirani, uliogopa mwanao atanuna. Mchelea mwana kulia hulia yeye, mama. Kununa kwa mwana hupita kwa wiki moja. Kilio cha mama wa Garissa hakijapita mpaka leo.

Na wewe Mkristo mwenzangu, usikae hapo kunyoosha kidole ng'ambo ya barabara! Mimi ni mtu wa kanisa, nami nakuambia kwa uchungu: twende Shakahola.

Shakahola ni msitu, nyuma ya Malindi, kaunti ya Kilifi. Aprili 2023 walianza kuchimbua. Kaburi moja, mwili. Kaburi la pili, miili. Wakachimba wiki baada ya wiki hadi ikapita miili 400. Hakukuwa na bomu, hakukuwa na mgeni toka ng'ambo. Kulikuwa na Biblia, kulikuwa na mhubiri, kulikuwa na watu walioambiwa wafunge chakula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mwaka 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, nao walikana. Hukumu ni ya mahakama. Watoto 191! Mtoto hajui itikadi. Mtoto anajua njaa.

Je, yalifanyika gizani? Hapana! Mahubiri yale yalirushwa hewani. Shule ililaaniwa hadharani, hospitali ikalaaniwa hadharani, na mhubiri alikuwa amewahi kukamatwa miaka kadhaa kabla. Watu waliuza mali zao wakaenda msituni. Mtu akiuza kitanda, akauza mbuzi, akawatoa watoto shule wote siku moja, jirani haoni? Shangazi haulizi? Mwalimu hapigi simu? Tuliona. Tukasema ni mambo ya imani, tusiyaingilie.

Imani inayomnyima mtoto uji si imani ya kuheshimiwa! Iingilie! Vunja mlango!

Nawe mwenye mamlaka, nisikie, maana kimya kingine ni chako. Vuka Mto Ruvuma uende Cabo Delgado, Msumbiji, kwa watu wanaosema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikia anajua kuwa amefika kwa ndugu. Huko Waislamu wenyewe, mashehe na wazee, walipiga kelele mapema. Walisema kuna vijana wanaingia msikitini na viatu, wanawapinga wazee, wanawakataza watoto shule za serikali. Kelele zile zilifika. Hazikutiliwa uzito. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wale wakavamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na katika miaka iliyofuata watu wanaokaribia milioni moja wakakimbia makwao. Oktoba 2020 moto uliruka mto, ukafika kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Walioonya walikuwa Waislamu. Likumbuke hilo kila unaposikia mtu akisema Waislamu wananyamaza.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kilindini na Kariakoo, ndugu wa Lindi na Lamu, sikubali mtu aniambie kwamba dawa ni kuwapiga wote. Tulishaijaribu dawa hiyo. Aprili 2014, baada ya mabomu kulipuka Eastleigh, serikali ya Kenya ilianza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa. Wazee, wanawake, watoto, Wasomali kwa Usomali wao tu, wengi wakafungiwa Uwanja wa Kasarani kama mifugo. Usalama ulikuja? Juni mwaka huohuo, Mpeketoni, zaidi ya watu 60 waliuawa. Novemba, basi la Mandera, 28. Aprili iliyofuata, Garissa.

Sisemi Kasarani ndiko kulikozaa mauaji hayo. Nasema hakukuyazuia hata moja.

Na nasema jambo zito zaidi. Hapa pwani vijana wamechukuliwa na watu wasiojulikana, kwa magari yasiyotambulika, na wengine hawajaonekana tena. Sasa fikiri kama mama. Umeona dalili kwa mwanao. Unataka kusema. Halafu unakumbuka kijana wa nyumba ya tatu, aliyetajwa Jumanne akapotea Ijumaa. Utasema? Hutasema! Utafunga mdomo, utafunga dirisha, utamficha chini ya kitanda ukiweza. Kila kijana anayepotezwa bila mahakama hufunga vinywa vya akina mama mia. Kila kofi analopigwa asiye na kosa ni mtaji wa wale wanaowinda watoto wetu.

Polisi, mnataka taarifa? Basi rudisheni watoto wazima! Mkamateni mshukiwa mchana, mpelekeni mahakamani, mwambieni mama yake yuko kituo gani. Siwaombeni upole kwa muuaji. Muuaji ahukumiwe, afungwe, ajibu mbele ya waliofiwa. Nawaombeni sheria, ileile aliyoisoma kijana wa Garissa kisha akaitupa. Mkiitupa nanyi, mna tofauti gani naye?

Lakini nani basi ameshinda? Je, yuko hata mmoja aliyeonyesha njia?

Wapo. Na hawakuwa majemadari.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilitoka Mandera likielekea Nairobi. Wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Wengi walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Miezi 13 baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine lilikuwa likielekea Mandera. Karibu na El Wak, risasi. Basi likasimama. Amri ileile: Waislamu huku, wengine kule.

Wakakataa!

Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuwavisha Wakristo mitandio yao. Abiria wakawaambia wale wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kujitenga na wenzake. Alilazwa, akateseka, akafariki Januari 2016. Watu wawili waliuawa siku ile barabarani. Basi zima lililobaki likaokoka.

Tua hapo kidogo. Usipite haraka.

Hawakuwa na bunduki. Hawakuwa na semina. Hawakuwa hata na muda wa kushauriana. Wenye bunduki walitaka jambo moja tu, watu wagawanyike, kwa kuwa gaidi bila mgawanyiko ni jambazi wa kawaida. Abiria wakamnyima. Alitaka Mwislamu amtoe Mkristo. Mwislamu akavua mtandio wake akampa Mkristo. Mipango ya miaka ikavunjwa na kitambaa cha kichwani!

Wao walikuwa na dakika chache, wakachagua. Wewe una miezi. Una mwaka. Una mtoto yuko hai, yuko ndani ya nyumba yako, anakula wali wako, na bado unafikiri!

Nikukumbushe kisa ambacho nyumba zetu mbili za ibada zinakifahamu. Nabii Yona, ambaye ndugu zangu Waislamu humwita Yunus, alitumwa kwenye mji mkubwa wa Ninawi kuuonya. Mji ulioza kwa udhalimu. Walipewa siku arobaini. Wangeweza kuunda kamati. Wangeweza kubishana nani ana kosa kubwa zaidi, mfalme au raia. Wangeweza kungoja siku ya thelathini na tisa. Hawakungoja! Mfalme alishuka kitini, akavua joho, akakaa majivuni, na watu wake wote pamoja naye. Mji ukaokoka, mji mzima, kwa sababu uligeuka mapema na uligeuka wote.

Hicho ndicho ninachokulilia. Tugeuke wote! Serikali iache kupoteza watoto wa watu, wazazi waache kuficha, viongozi wa dini waache kusema maneno mawili, la mimbarini na la barazani. Hakuna atakayegeuka kwa niaba ya mwingine.

Na tukigeuka, tuache mlango wazi. Baada ya Garissa, Aprili 2015, serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana watakaotoroka al-Shabaab na kujisalimisha. Wengine walirudi. Walirudi wapi? Walirudi Kwale na kwingineko wakiishi kwa hofu ya pande mbili: wenzao wa zamani wanaowaona wasaliti, na askari wanaowaona magaidi. Jirani akafunga duka alipomwona mmoja wao anapita. Msikitini akaachiwa nafasi pande zote mbili. Ndiyo kusema tulimwambia: rudi ulikotoka.

Usimfanyie hivyo kijana aliyerudi mikono yake ikiwa haina damu! Mpe kazi ya kubeba matofali, mpe nafasi safuni, mpe kiti kwenye arusi. Mwenye damu apite mahakamani kwanza. Lakini yule aliyedanganywa, aliyekwenda kwa kuahidiwa mshahara, aliyefika akakuta njaa na bunduki, yule ni wetu. Tusipomchukua sisi, wapo wanaomngoja.

Nawe kijana unayesoma haya kwa siri, najua upo. Neno langu kwako ni fupi. Huyo anayekuita, je, ametuma mwanawe? Huyo anayekuahidi pepo, yeye mwenyewe mbona hajaikimbilia? Amekuambia umchukie mama aliyekuzaa, uwaue watoto ambao hawajakukosea, ufe mahali ambapo hutapata sanda. Unajua kuwa ni uongo. Usiku, simu ikizimwa, moyo wako unakuambia. Rudi! Rudi kabla hujavuka mpaka, rudi kabla hujashika bunduki, rudi kabla hujaua, maana baada ya kuua njia ya kurudi ni ndefu, na mtu utakayemuua hatakuwa wa mwisho.

Mzazi, umesoma hadi hapa. Sasa usifunge ukurasa ukasema mwandishi amesema kweli. Hilo si jibu.

Mtafute mtu mmoja unayemwamini leo, kabla ya magharibi: mjomba wake anayemsikiliza, imamu mwenye hekima, mwalimu wake wa zamani, wazee wa mtaa wanaojua kwenda na mtoto kituoni na kurudi naye. Usiende peke yako. Usiende kumshtaki, nenda kumrudisha. Lakini nenda!

Sasa ni usiku. Mwanao yuko chumbani. Mwanga wa simu unaonekana chini ya mlango.

Inuka. Kabishe hodi.